Mume wangu kaangukiwa na duara, na mimi kuomba nimeshindwa

BARUA

Bwana Yesu asifiwe mama. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila huwa nasoma tu sijawahi kuandika, leo nimeandika kwa sababu nimefika mwisho na hapa nyumbani hakuna wa kumwambia. Niko Geita, nina miaka 36 na watoto watatu, mkubwa yuko form two. Nimeokoka tangu niko darasa la saba, kwaya nimeimba miaka 11, sauti ya kwanza, solo nyingi nilikuwa napewa mimi. Nakwambia hivi ujue sio mtu wa juzi kwenye wokovu.

Mume wangu ni mchimbaji mdogo, na sio mwenye duara, yaani lile shimo la kuchimbia dhahabu, yeye ni wa kushuka chini anapiga mawe kwa mgao. Mwezi wa nne mwaka jana mvua zilikuwa zimepiga sana, duara likatitia wakiwa chini watu wanne. Wawili wakafariki palepale, mmoja akatoka na michubuko, mume wangu alitolewa baada ya masaa kama sita yuko hai ila mgongo umeumia, kuanzia kiunoni kushuka chini hana habari na miguu yake. Tukaanza wilayani, tukapelekwa mkoani, mwisho Mwanza wakamfanyia upasuaji wa kuweka vyuma, daktari akatuambia kwa upole kabisa kwamba kutembea tusitegemee sana.

Miezi ya mwanzo nilikuwa na imani mpaka mwenyewe nashangaa. Nilifunga, nilikesha, wodi nzima niliwatangazia kwamba Mungu wangu hashindwi na huyu mtaona anatoka hapa kwa miguu yake. Kanisani wakachanga 410,000, kwaya wakaja mpaka nyumbani wakaimba. Baadae watu wakapungua mmoja mmoja, na siwalaumu, kila mtu ana ya kwake.

Sasa kuna jirani akanipeleka kwa nabii mmoja. Yule nabii akasema ajali hii imefungwa kwenye madhabahu ya ukoo na imepata mlango kwa sababu ya dhambi iliyofichwa ndani ya nyumba, akanigeukia mbele ya watu wote akaniuliza, wewe mama umeficha nini. Mama mimi nilitetemeka. Maana kuna kitu kweli, ila sijawahi kumwambia mtu. Asubuhi ile mume wangu alisema leo sishuki, ardhi imelowa mno na matimba, zile nguzo za miti za kuzuia udongo, kule chini ni machache. Mimi nikamwambia ada ya mtoto italipwa na nani, wewe kila siku una sababu. Akavaa viatu vyake akaondoka hata chai hakunywa. Basi nabii alivyouliza vile nikaona huyu ameonyeshwa. Nikapanda mbegu, yaani sadaka, ya 300,000 kwenye hela ileile ya mchango. Baadae tukauza kiwanja kwa 1,600,000, nusu yake ikaenda kulekule. Mafuta ya upako nimempaka mpaka chupa imeisha. Nyingine ilienda kwenye madawa na kwenye mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa, ambao mpaka leo haujaisha. Sasa wiki iliyopita nabii amenitumia meseji anasema muujiza uko mlangoni, imebaki sadaka ya kufunga agano, 500,000. Kitu cha maana kilichobaki humu ndani ni cherehani, na ndiyo inayotulisha, nashona sare za shule. Shemeji yangu naye upande wa pili anasema huo ulokole wenu umeshindwa, tumpeleke kaka kwa mtaalamu, yaani mganga.

Lakini kinachonimaliza kabisa mama ni kwamba siwezi kuomba. Nikipiga magoti naona kama naongea na bati. Kwaya nimeacha tangu mwezi wa nane, kuna Jumapili nilisimama kuimba ikafika kwenye maneno ya wema wa Mungu sauti ikakatika, nikatoka nje kama naenda kuangalia mtoto, sikurudi. Siku nyingine dada mmoja alitoa ushuhuda kwamba mume wake kapata gari, watu wakapiga vigelegele, mimi nikasikia chuki, mpaka nikajiogopa. Usiku huwa naamka kumgeuza mume wangu asipate vidonda, na kisiginoni tayari kimoja kimeanza, halafu yeye huwa ananiuliza taratibu, umeomba? Nasema ndiyo. Namdanganya mama, sijaomba.

Mchungaji juzi juzi alihubiri Yakobo sura ya kwanza, kwamba majaribu ni furaha, ni mtihani, ukifaulu Mungu anakupandisha darasa. Nikasema moyoni basi mimi nimefeli, kwa sababu furaha sina hata ya kuazima. Naomba uniambie ukweli, imani yangu imekufa? Na hiyo cherehani niuze?

Mke wa mchimbaji, Geita

JIBU

Amen mdogo wangu. Nakuita mdogo wangu maana mimi nina miaka 63, ningeweza hata kukuita mwanangu. Barua yako nimeisoma mara nne, ile ya kwanza nikaiweka pembeni nikatoka nje kwanza.

Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo la haraka. Cherehani usiuze. Usiuze wiki hii, usiuze mwezi ujao, na ile namba ya nabii ikipiga usipokee. Mungu hauzi uponyaji kwa awamu. Petro alipoletewa fedha na Simoni yule mchawi wa Samaria ili apate nguvu za Roho Mtakatifu alimjibu kwa ukali, fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, iko Matendo 8, soma mwenyewe. Mtu anayekuambia muujiza uko mlangoni umebakiza laki tano, huyo anajua kabisa una mgonjwa asiyetembea na watoto watatu, na bado anaomba. Sitaki hata kumjadili sana. Ile hela iliyokwenda imekwenda, usijipige kwa ajili yake, ulikuwa unatafuta mume wako apone, hiyo siyo dhambi.

Sasa tuje kwenye lile lililokutetemesha. Mdogo wangu, kuna habari kwenye Luka 13 nataka uisome leo leo kabla hujalala. Watu walimletea Yesu taarifa za vifo, na yeye mwenyewe akawakumbusha wengine, wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu ukawaua. Akawauliza, mwadhani ya kuwa wao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, nawaambia, sivyo. Angalia vizuri ni ajali ya namna gani hiyo, ni kitu cha kujengwa na watu kimewaporomokea watu, kama hilo duara. Na Yesu hakutafuta madhabahu ya ukoo wa mtu. Alichowageuzia ni toba yao wao waliosimama pale wakiwa wazima, sio dhambi za marehemu. Kwenye Yohana 9 tena wanafunzi wakauliza kuhusu yule kipofu, ni yupi aliyetenda dhambi, ni huyu au wazazi wake, akawajibu huyu hakutenda dhambi wala wazazi wake. Mara mbili anakutana na hesabu hiyo, mara mbili anaikataa. Kwa hiyo ukisikia mtu anaifufua mbele ya mgonjwa ujue anarudisha kitu ambacho Bwana alishakifuta.

Duara lilititia kwa sababu mvua ilikuwa imelowesha ardhi na matimba yalikuwa machache. Mume wako alijua, alikwambia. Hakuna siri ya kiroho hapo, na ukweli huo unauma kuliko siri, najua, kwa sababu unakurudisha kwenye ile asubuhi na chai ambayo haikunyweka.

Lakini sikia. Neno lako la asubuhi ile sio lililoangusha udongo. Ulikuwa mama mwenye deni la ada, ukaongea kama tunavyoongea wote tukibanwa, ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo au vibaya zaidi. Limekukaa kooni miezi yote hii na naona ndilo lililokaba na nyimbo. Na nabii hakuonyeshwa chochote, swali la umeficha nini linamtetemesha mwanamke yeyote duniani, nani hana kitu. Hilo neno sio la kupeleka kwa nabii wala kulilipia mbegu, mwenye nalo ni mume wako. Mwambie. Mwambie kwamba asubuhi ile nilikusukuma na sijawahi kupumzika tangu siku hiyo. Mimi nadhani yeye analijua tayari, amelala kitandani miezi kumi anaangalia dari, unafikiri hajaikumbuka ile asubuhi? Pengine amekusamehe siku nyingi na hajui aanzie wapi kukuambia. Na kama ana hasira basi aitoe, hasira iliyotoka inaongeleka. Yakobo huyohuyo aliyekutesa kwenye mahubiri mwishoni kabisa, sura ya 5, anasema ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa.

Haya, Yakobo sura ya kwanza yenyewe. Sitaki kumpinga mchungaji wako, sikuwepo, na pengine alisema vizuri masikio yako ndiyo yalikuwa yamechoka. Lakini fungua usome neno kwa neno. Haijaandikwa jisikieni furaha, imeandikwa hesabuni ya kuwa ni furaha tupu. Kuhesabu unakujua, wewe fundi cherehani, mteja hajalipa lakini kwenye daftari umemwandika, hela hujaishika ila kwenye hesabu ipo. Yakobo anaongelea daftari, haongelei moyo unavyojisikia saa nane ya usiku. Na neno linalofuata ni mkiangukia katika majaribu mbalimbali. Mkiangukia! Mtu anaangukia kwenye shimo bila kupenda, wewe wa Geita hilo halihitaji mhubiri. Sasa aliyeangukia shimoni kazi yake ya kwanza sio kushangilia, ni kupumua mpaka wamfikie, na hiyo ndiyo saburi inayotajwa pale, na Yakobo anasema saburi na iwe na kazi kamilifu, kwa maana kwamba iachwe ifanye kazi, inachukua muda.

Kuhusu mtihani na kupanda darasa mimi huo mfano siupendi, nilikuwa mwalimu miaka 34 najua mtihani ni nini. Mtihani mwalimu anatunga kwa kuwa hajui mtoto ameelewa au hapana. Mungu anakujua tayari, hana haja ya kukutungia swali kwa mgongo wa mume wako. Kiswahili chetu kina shida moja hapa, neno jaribu tunalitumia kwa kila kitu, kushawishiwa dhambi ni jaribu, msiba ni jaribu, na kupima dhahabu nako ni kujaribu. Ndio maana Yakobo huyohuyo sura hiyohiyo mstari wa 13 anaonya mtu ajaribiwapo asiseme ninajaribiwa na Mungu. Ukichanganya hizo maana tatu unaishia kuona Mungu amekaa juu na kalamu nyekundu anasubiri uimbe vibaya akukate maksi.

Petro ndiye alitumia ile ya dhahabu. Anaiita imani kitu chenye thamani kuu kuliko dhahabu ipoteayo, ijapokuwa hiyo hujaribiwa kwa moto. Na mstari wa juu yake tu anakiri kwamba hao hao waumini wamehuzunishwa kwa majaribu ya namna mbalimbali, hakuwakemea kwa huzuni yao. Nimefundisha miaka sita huko kwenu kanda ya ziwa, nilipanga chumba nyuma ya nyumba ya mzee mmoja mchenjuaji, mtu wa kutoa dhahabu kwenye mawe, kwa hiyo nimeona kwa macho. Mawe yanasagwa yakawa unga, unga unaoshwa na maji, mchanga unakwenda zake kilichozito kinabaki, halafu zebaki inakamata dhahabu, wanaikamua kwenye kitambaa kinabaki kijidonge. Kile kijidonge ni cha kijivu, kinang'aa, kizito mkononi, kijana ambaye hajazoea anadhani ametajirika. Halafu kinapigwa moto. Zebaki inaruka kwa moshi, na kinachobaki ni kidogo, kina vitundu vitundu, kimefifia, chepesi kuliko kile alichoshika mwanzo. Nilimuona kijana mmoja siku yake ya kwanza alitaka kulia, akamwambia mzee umeniibia. Mzee akacheka akasema hii ndiyo ilikuwa yako tokea mwanzo, ile nyingine ilikuwa zebaki.

Muulize mume wako atakuelezea vizuri kuliko mimi.

Nakwambia hivyo kwa sababu umesema miezi ya mwanzo ulikuwa na imani mpaka ukajishangaa, sasa huna. Mimi nikisoma naona ulikuwa na kijidonge kikubwa, ndani yake dhahabu ipo kweli na zebaki ipo. Ile ya kuitangazia wodi kwamba huyu atatoka kwa miguu yake, mdogo wangu, hiyo ilikuwa ni hamu yako kubwa uliyoipa jina la imani, na nani asingeipa. Wale vijana watatu wa Danieli 3 walipotishiwa kutupwa motoni wasiposujudia sanamu walisema Mungu wetu aweza kutuokoa, halafu wakaongeza, bali kama si hivyo, bado hatusujudu. Hiyo sehemu ya pili huwa haiji mwanzoni kwenye vigelegele, inabaki baada ya moshi kuondoka. Na kwako imebaki, ngoja nikuonyeshe ilipo maana wewe huioni. Shemeji kasema twende kwa mtaalamu, hujakwenda. Hela ya mkopo inakubana, hujaondoka ukamwacha mgonjwa kwa ndugu zake, na wapo walioondoka kwa madogo kuliko hayo. Unaamka usiku kumgeuza. Umesikia chuki ukajiogopa. Na unapiga magoti unaongea na bati, lakini magoti unapiga!

Hiyo ni ndogo, najua. Sio ile ya kwenye solo.

Petro huyo aliyeandika habari ya dhahabu alijua anachosema. Usiku ule kabla hajamkana Bwana aliambiwa, Shetani amewataka ninyi apate kuwapepeta kama vile ngano, lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike. Yesu hakuomba Petro asipepetwe. Hakuomba hata asimkane, maana papo hapo alimwambia utanikana mara tatu kabla jogoo hajawika. Aliomba imani isitindike, isiishe kabisa kama unga unavyoisha kwenye debe. Na Petro alikana, akaapa, akatoka nje akalia kwa majonzi, kama wewe ulivyotoka nje ile Jumapili, na imani haikutindika, kwa sababu aliyekuwa ameishikilia hakuwa Petro. Kwa hiyo swali lako la imani yangu imekufa, jibu langu ni hapana, na silitoi kwa kukuangalia wewe, nalitoa kwa kumwangalia huyo anayekuombea.

Sasa nikuambie langu, nililisema mara moja tu hapa na sipendi kulirudia rudia. Mwaka 1998 nilimzika mwanangu wa pili, alikuwa na selimundu, miaka 9. Chini ya kitanda niliacha raba zake na tope la mwisho alilokanyaga, sikuzifua mwaka mzima. Nilikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, naombea watu, na mimi nilivyorudi kutoka makaburini mdomo ukafunga. Kanisani nikawa nakaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango ili ikizidi nitoke. Kulikuwa na bibi mmoja mfupi, mjane, huyo hakuwahi kuniambia Mungu ana makusudi, hakuwahi kuniambia neno lolote. Alihama benchi lake la mbele akaja kukaa na mimi. Ukifika wakati wa kuimba anafungua kitabu chake cha tenzi anakishika katikati yetu, kidole chake kinatembea kwenye mistari, anaimba yeye, sauti yenyewe ya kukwaruza, mimi nimenyamaza. Jumapili hadi Jumapili. Nilikaa hivyo karibu mwaka na nusu, na siku moja nikashtukia najiunga kwenye mstari wa tatu, bibi wala hakugeuka kuniangalia, kidole kikaendelea tu.

Sijui kama unanielewa. Ule mwaka na nusu mimi niliamini nimepoa kiroho, na watu waliniombea kama mtu aliyerudi nyuma. Leo nikiangalia ndio miaka niliyokua kuliko yote, na sikusikia hata siku moja kwamba nakua. Nilikuwa nasikia nimebebwa, tena kwa shida.

Ndio maana nataka utoke kwenye upweke huo. Nenda kwa mchungaji wako, nenda na barua hii kama kusema ni kazi, mpe asome. Mwambie mambo mawili, la nabii na la kausha damu. Wazee wa kanisa wanaweza kukaa na wewe mkapiga hesabu ya deni, mmoja mwenye kuijua hesabu aende na wewe kwa wakopeshaji mkaomba kulipa kidogo kidogo, peke yako watakutisha. Na kwaya waambie waje tena, lakini safari hii wasije kuimba. Waje wawili wawili wajifunze kumgeuza mgonjwa, ili angalau siku mbili kwa wiki ulale usiku mzima. Eliya alipochoka akajilaza chini ya mti wa mretemu akaomba afe, malaika hakumhubiria, alimgusa akamwambia inuka ule, mkate na gudulia la maji, akala akalala tena, akaguswa mara ya pili. Habari za sauti ndogo ya utulivu zilikuja baadae, mtu ameshalala na ameshakula. Wewe hujalala tangu mwezi wa nne halafu unajiuliza kwa nini huwezi kuomba.

Hicho kidonda cha kisiginoni usikichezee. Mtu asiyesikia miguu kidonda kinamla chini kwa chini yeye hana habari, kipeleke kikaangaliwe mapema, na kisigino kisigusane na godoro kabisa, weka mto mdogo chini ya shavu la mguu kisigino kining'inie kidogo. Angalia pia kiunoni kwa nyuma juu ya makalio. Na uliza hospitali habari za mazoezi ya viungo na kiti cha magurudumu, wapo watu wengi waliovunjika mgongo wako kwenye kiti na wanafanya kazi zao. Mikono yake si mizima? Mume wako anajua mawe, anajua kupima, siku moja anaweza kukaa mezani akafanya biashara. Mlivyokuwa mnasubiri muujiza wa miguu tu nadhani mikono mliisahau. Na kumwombea atembee endeleeni, mimi sijakuambia uache.

Shemeji mjibu kwa heshima kwamba huko hamwendi, basi. Usibishane nae.

Ile chuki ya ushuhuda wa gari isikutishe. Asafu mwimbaji, tena mwanakwaya mwenzako, aliandika Zaburi ya 73 kwamba aliwaonea wivu wenye kujivuna alipoona hali yao ya amani, na hiyo ikaingia kwenye Biblia ikaimbwa hekaluni. Kuna na Zaburi ya 88, hiyo inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina hata mstari wa shangwe mwishoni, na Mungu aliiacha humo. Anza na hiyo. Ukikosa maneno yako soma hiyo kwa sauti, ndiyo sala yenyewe. Na hata ukishindwa kusoma, Warumi 8 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo ule mguno wako unapomnyanyua mume wako nyonga saa nane ya usiku usifikiri umepotea hewani.

Jumapili hii nenda. Kaa nyuma karibu na mlango. Usiimbe, na akikuuliza mtu kwa nini huimbi mwambie nimeambiwa nipumzike.

Na usiku wa leo ukimgeuza akakuuliza taratibu umeomba, mwambie hapana, sijaomba, ni siku nyingi sijaomba. Kisha kaa hapo kitandani umwambie na ile habari ya asubuhi. Halafu mwambie aombe yeye, wewe utasema amina.

Niandikie mwezi ujao, hata mistari miwili, uniambie kisigino kinaendeleaje.